Pawa ya Jethro Haizunguki

"Hiyo siigusi," fundi Nyangau alisema. "Irudishe ulikoitoa."

Sajini Nyasani aliiweka pawa juu ya meza ya fundi, katikati ya nati na vipande vya mnyororo, akakata lakiri ya gunia mbele ya watu wote. Ilikuwa msumeno wa injini wa rangi ya machungwa, umechakaa, na kwenye mpini Jethro alikuwa amechora jina lake kwa msumari. Kamba yake ya kuwashia ilikuwa haivutiki hata inchi moja.

"Nimesema siigusi."

"Nimesikia. Fundi mwingine wa pawa hapa Manga ni nani?"

"Hakuna."

"Basi lete spana."

Nyangau alikunja mikono. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, na oili ilikuwa imeingia kwenye mikunjo ya shingo yake mpaka haikutoka tena. "Mwaka juzi askari wenzako walikuja hapa wakabeba injini nne za wateja. Wakasema ni za wizi. Hakuna hata moja iliyorudi. Leo unaniletea ya tano niifungue, ili umfunge nayo rafiki yangu?"

"Kama yeye ndiye aliyeangusha ule mti, nitamfunga," Nyasani alisema. "Lakini ukiiacha imekwama, kesho saa tatu asubuhi Jethro atasomewa mashtaka ya kuua, na hakimu ataambiwa aliikwamisha mwenyewe ili afiche. Chagua."

Fundi aliinama, akavuta sanduku la spana kwa mguu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Sabato asubuhi, karibu saa nne, mkaratusi wa mpakani ulianguka ukamuua Mzee Anyona. Watu walikuwa kanisani, kwenye Shule ya Sabato, na wote waliisikia pawa ikinguruma ng'ambo ya bonde, kisha ikanyamaza ghafla. Mwenye pawa upande ule wa kilima alikuwa mmoja tu, Jethro, jirani wa marehemu. Wiki tatu kabla, kwenye baraza la chifu, wawili hao waligombania mpaka, na Jethro alisema mbele ya watu sitini, "Iko siku huo mti utakuangukia." Tena Jethro ni shemasi, na saa nne hiyohiyo alitoka kanisani kwenda kuwachotea wageni maji. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyemwona. Alipokamatwa Jumapili alikuwa na jibu moja tu: pawa yangu imekwama, haizunguki, ingekataje mti?

Mkubwa wa Nyasani alicheka aliposikia. Alisema hata mtoto anaweza kukwamisha injini kwa kikombe cha maji. Nyasani aliomba siku moja, Jumatatu hii. Alitaka injini ifunguliwe mchana, mahali pa wazi, na kila upande ulete wake, asije mtu akasema polisi wameweka kitu.

Kwa hiyo walikuwepo. Purity, mke wa Jethro, alikaa juu ya kreti la soda, ameshika mfuko mweusi wa plastiki mapajani. Mbele yake, kwenye benchi, alikaa Esnah, mjane wa Mzee Anyona, amejifunga leso kiunoni. Mwanawe Duke alikuwa mlangoni, amekalia pikipiki yake ya bodaboda, mguu mmoja ndani ya karakana, mwingine kwenye matope. Nyuma yake watu kama ishirini walijibanza chini ya mabati, maana mvua ya mchana ilikuwa imeanza. Konstebo Sheila alisimama kando na daftari na simu ya kupigia picha.

"Afande, hii sinema inaisha saa ngapi?" Duke aliuliza. "Baba yangu yuko mochari. Muuaji yuko ndani. Ninyi mnafungua nati."

"Inaisha ikiisha," Nyasani alisema. "Unajua pawa wewe?"

"Mimi? Sijawahi kugusa hiyo kitu maishani. Mimi ni mtu wa pikipiki."

"Andika," Nyasani alimwambia Sheila.

Nyangau alianza na kifuniko cha pembeni. Alifungua nati mbili, akakivuta, na unga wa mti ukamwagikia mezani. Ulikuwa mweupe na wenye unyevu bado. Harufu ya mkaratusi ilijaa karakana, kama ya dawa ya kifua. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ule ulikuwa mti gani.

"Haya!" Duke alipiga tangi la pikipiki kwa kiganja. "Mmeona wenyewe!"

Watu wa nje walisukumana. Mmoja alisema kwa sauti kwamba nyumba ya Jethro ina mabati mapya na yataungua vizuri. Esnah aliinuka, akamwendea Purity. Duke naye aliingia haraka, akamshika mama yake mkono kama anayemtegemeza, akamwambia sikioni, lakini wote walisikia, "Mwambie, mama. Mwonyeshe."

Esnah alimtemea Purity mate usoni.

Purity hakuyafuta. Alimtazama sajini. "Umefurahi sasa? Mlimchukua mume wangu bila viatu, mbele ya watoto. Hiki ndicho mlichotaka?"

"Mama Duke, rudi ukae," Nyasani alisema. "Ukisimama tena utangojea nje. Purity, nikuulize. Mara ya mwisho Jethro alikata nini?"

"Sijui."

"Unajua."

"Ijumaa. Alimkatia mwalimu mgrevilea. Ulikuwa umekauka."

"Si mkaratusi?"

"Nimesema mgrevilea!"

Duke alirudi kukalia pikipiki yake. Nyasani alichota unga wa mezani kwa karatasi, akauweka ndani ya bahasha, akaandika saa. Uso wake haukuonyesha lolote. Pawa hiyo ndiyo iliyokata mti uliomuua Anyona. Hilo lilikuwa limekwisha. "Endelea, fundi. Plagi."

Plagi ilitoka kwa shida. Nyangau aliishika mwangani, akaigeuza, kisha akainusa. Aliiweka chini bila kusema. Alijaribu kuzungusha injini kwa spana kwenye nati ya katikati. Haikuenda mbele wala nyuma. Alimimina dizeli kidogo kwenye tundu la plagi, akaongeza matone ya maji ya breki, akafunika tundu kwa kitambaa.

"Nusu saa," alisema. "Ukiilazimisha sasa utavunja mkono wa pistoni."

"Kwa nini hukusema kitu kuhusu plagi?"

"Hukuniuliza."

"Nakuuliza."

Nyangau alipangusa mikono kwenye suruali. "Plagi ni kavu. Nyeupe kama jivu. Ya pawa ya Jethro huwa na rangi ya chai. Nimeisafisha mara kumi mimi mwenyewe."

"Maji yangeifanya hivyo?"

"Maji huleta kutu. Unaona kutu hapo?"

Sajini aliinama, akatazama kwa tochi ya simu. Hakukuwa na kutu. "Fungua ekzosi."

Ekzosi ilipotoka, tundu la moshi lilibaki wazi, na pistoni ikaonekana ndani. Nyangau alitazama kwanza. Alitazama muda mrefu. Kisha akasogea, akampisha sajini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na ugomvi.

"Ona ubavu wa pistoni. Imechubuka, mistari mitupu, kama imekwaruzwa na paka. Na mikwaruzo inang'aa. Ya zamani ingekuwa nyeusi. Hii haikutiwa maji wala sukari wala mchanga. Imekufa kwa kiu."

"Sema watu waelewe."

"Pikipiki ina oili yake chini, kwenye sampo. Petroli unatia peke yake. Pawa haina sampo. Oili yake unaichanganya ndani ya petroli, hakuna njia nyingine. Ukitia petroli tupu, itawaka vizuri, itakata dakika kumi, pengine kumi na tano. Halafu pistoni inapata moto, inavimba, inaushika ukuta wa silinda. Kwisha."

"Inazimika ghafla?"

"Kama mtu amekabwa koo."

Mtu mmoja nje alisema polepole kwamba kweli ilinyamaza ghafla, hata mwalimu wa Shule ya Sabato aliacha kusoma.

Nyasani aliupa mlango mgongo, akafungua tangi la mafuta. Yalibaki kidogo chini. Aliyavuta kwa bomba la sindano alilokuja nalo, akadondosha tone moja kwenye karatasi ya bahasha. Kando yake Nyangau alidondosha tone la mchanganyiko wake mwenyewe kutoka kwenye mtungi. Walingoja. Tone la fundi liliacha doa la mafuta, kama la samli kwenye gazeti. Tone la pawa lilikauka lote, karatasi ikabaki safi. Sheila alipiga picha mbili.

"Petroli tupu," Nyasani alisema.

"Jethro hawezi," Nyangau alisema. "Miaka kumi na tisa anashika pawa. Hawezi kusahau oili, kama wewe usivyoweza kusahau suruali."

"Hakusahau!" Duke alisema. "Aliiua makusudi apate la kuwaambia. Na mmeamini."

"Inawezekana," Nyasani alisema, na Purity akainua kichwa. "Nilifikiri hivyo pia. Lakini nilikipima kisiki jana. Msumeno uliingia kwa nyuma theluthi mbili ukasimama. Sehemu iliyobaki haikukatwa, ilipasuka. Injini ilifia ndani ya mti. Mtu anayetaka kuua kwa mti anamaliza kukata kwanza. Na mbele ya kisiki hakuna mdomo. Fundi, mdomo ni nini?"

"Mkato wa mbele, wa kuuonyesha mti upande wa kuangukia. Hata mwanafunzi wa wiki moja anaukata."

Nyasani alimgeukia Purity. "Mafuta ya Jethro hukaa wapi?"

Purity aliukaza mfuko mapajani.

"Mama, unaninyima mimi au unamnyima mume wako?"

"Kila Ijumaa kabla jua halijatua anamwaga tangi lote," Purity alisema. "Anayarudisha kwenye mtungi, anauleta nyumbani, anaufungia kabatini na nguo zake za kanisani. Anasema mashine nayo ina Sabato yake. Watoto humcheka."

"Na pawa yenyewe?"

"Stoo, palepale mlipoikuta. Mlango umefungwa kwa waya tu. Pawa bila mafuta ataibeba nani?"

"Majirani wanajua stoo ni waya?"

"Wote."

"Wanajua kuhusu kumwaga mafuta?"

"Hilo la nyumbani kwetu. Atawaambia ya nini?"

Nyasani aliandika mwenyewe, polepole. Aliyeichukua pawa Sabato aliikuta kavu. Mtungi hakuuona. Alitafuta petroli mahali pengine, akaitia kama ilivyo. Alikuwa na petroli karibu, na hakujua habari ya oili.

Kisha akaingiza waya uliopindwa kwenye tangi la pawa, akavuta chujio dogo lililo mwisho wa mpira. Alilikung'uta juu ya kitambaa cheupe. Vikadondoka vipande vyembamba vyekundu, kama maganda ya pilipili. Alikikunja kitambaa haraka kabla mtu wa mlangoni hajaona, lakini fundi aliona. Macho ya Nyangau yalitoka kwenye kitambaa, yakaenda nje kwenye mvua, yakarudi. Hayakuchukua hata sekunde moja.

"Kutu?" Nyasani alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Si kutu."

"Ni nini?"

Nyangau alichukua spana, akaiweka kwenye nati ya katikati. "Nusu saa imefika."

Alisukuma kidogo mbele, akarudisha. Mbele, akarudisha. Aliongeza dizeli. Alichukua kipande cha mpini wa jembe, akakiegemeza kupitia tundu la moshi, akakigonga mara mbili kwa kiganja, taratibu kama anayempiga mtoto mgongoni acheue. Kukasikika mlio mdogo mkavu, kisha spana ikaenda robo mzunguko. Watu wa nje walisogea. Nusu. Mzunguko mzima. Nyangau aliimwaga dizeli kwa kuigeuza pawa kichwa chini, akavuta kamba ya kuwashia, na kamba ikatoka yote, ikarudi.

"Inazunguka," alisema. "Imeumia, lakini inazunguka."

Alipokwisha kurudisha ekzosi na plagi, Nyasani alisema, "Tuiwashe. Una petroli?"

Chini ya meza kulikuwa na mtungi wa lita tano, umejaa. Nyangau aliusukuma nyuma kwa kisigino bila kuutazama.

"Sina," alisema. "Imeisha."

Nyasani aligeuka mlangoni. "Duke. Tupe nusu lita."

"Petroli yangu?"

"Si unataka sinema iishe? Au unaogopa ikiwaka?"

Watu walicheka. Duke alishuka. "Niogope nini? Iwake tumalize, kesho anyongwe." Alichomoa mpira chini ya tangi la pikipiki, akafungulia koki, akajaza nusu ya chupa ya maji ya kunywa. Aliingia nayo. Kwenye pawa kulikuwa na vifuniko viwili vyeusi vinavyofanana, kimoja cha mafuta ya injini, kingine cha oili ya mnyororo, na alama zake zilifutika zamani. Hakuuliza. Alikishika cha mafuta, akakizungusha, akainua chupa amimine.

Nyasani alimshika kifundo cha mkono.

"Umejuaje kifuniko?"

"Nini?"

"Viko viwili. Sheila, msomee alichosema saa saba na dakika arobaini."

Sheila alisoma. "Sijawahi kugusa hiyo kitu maishani. Mimi ni mtu wa pikipiki."

"Nimebahatisha," Duke alisema. "Kuna kosa?"

"Na oili je? Fundi ametufundisha wote hapa habari ya oili. Ulikuwepo. Ulikuwa unamimina petroli tupu tena."

"Sikusikiliza! Mimi si fundi!"

"Sawa." Nyasani aliichukua chupa, akaishika mwangani, akaiacha itulie. Petroli ilikuwa ya manjano hafifu. Chini yake, taratibu, vilitua vipande vyekundu. Akakifungua kile kitambaa cheupe, akakitandaza kando ya chupa mezani. Sheila alipiga picha. Watu wa mbele waliwaeleza wa nyuma.

"Fundi. Nani aliziba tangi la pikipiki hii?"

"Mimi," Nyangau alisema. "Mwezi wa pili. Lilikuwa linavuja. Nililizungushia rangi nyekundu ya mabati kwa ndani, maana alikataa kununua lingine. Nilimwambia itabanduka."

"Umemzibia nani mwingine namna hiyo?"

"Hakuna mjinga mwingine aliyekubali."

Duke alitazama mlangoni. Mlango ulikuwa umejaa watu, na hao watu hawakuwa tena wake.

"Ulituambia Sabato ulikuwa Keroka na mteja," Nyasani alisema. "Ulimpeleka nani?"

"Mama mmoja na kuku wawili. Siulizi wateja majina."

"Saa nne nani alikuwa na pawa huko juu, wewe au kuku?"

"Afande, wacha—"

"Nasikia baba yako alikukataza kuikata ile miti."

"Alinikataza kujenga!" Duke alipiga kelele. "Nina miaka thelathini na moja, nalala jikoni kwa mama! Pale mpakani ndipo pangu, na akasema miti ikomae kwanza, miti kwanza, kila mwaka miti kwanza. Nilisema nikate wakiwa kanisani, wakirudi wakute imeshalala. Akili yangu ilikuwa watasema ni Jethro, wagombane wao. Nani alijua baba angebaki nyumbani na maumivu yake ya mgongo? Ile kitu ikanyamaza, ikanasa ndani ya mti. Nikawa naivuta itoke. Naivuta. Yeye alikuwa anakuja chini anatukana, na mimi sikumwona, naapa sikumwona, mpaka mti ukaanza kulia."

Mvua ilipiga mabati.

Esnah aliinuka, na safari hii sajini hakumzuia. Alimtazama mwanawe. "Ulinishika mkono," alisema. "Nikamtemea huyu mama mate, na wewe umenishika mkono."

"Mama—"

"Usiniite."

Alitoka nje kwenye mvua mpaka kwenye pikipiki, akachomoa ufunguo. Akarudi, akauweka mezani kando ya kitambaa chenye rangi nyekundu.

Nje mtu mmoja alisema mabati yapo mengine ya kuchoma. Mwingine aliokota jiwe, kisha wa tatu. Nyasani alimfunga Duke pingu, akamsukuma nyuma ya meza. Alikuwa na konstebo mmoja na njia moja ya kutokea. Kabla hajafungua mdomo, Nyangau alikwenda akasimama mlangoni na spana kubwa mkononi.

"Hapa kwangu hachomwi mtu," alisema. "Anayetaka kurusha aanze na mimi. Wewe, Obare, deni la plagi nitakumbuka vizuri. Weka jiwe chini."

Obare aliweka jiwe chini.

Nyasani alipiga simu kituoni, akasema maneno machache, akasikiliza mengi, akakata. Alimgeukia fundi. "Nimeshukuru."

"Usinishukuru. Rudisha injini zangu nne."

Purity alikuwa bado amekaa kwenye kreti, mate yamemkaukia shavuni. "Jethro anatoka lini?"

"Leo. Nikifika naandika, anatoka."

Aliinuka, akaja mpaka mezani, akamsukumia sajini kifuani ule mfuko mweusi aliokuwa ameushika tangu asubuhi. Ndani yake mlikuwa na jozi ya viatu vya kanisani, vimepakwa rangi na kufungwa kamba.

"Mlimchukua miguu mitupu watu wakiona," alisema. "Mvalishe wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Na umlete kwa mchana, apite sokoni."